Simu Ikiwa Hewani: Namna ya Kusasisha Mfumo wa Kujibu Simu Bila Kumkatia Mpigaji

Jumapili ya tarehe 25 Juni 2023, kuanzia saa 12:24 asubuhi, watu wa Uingereza waliopiga namba ya dharura 999 walianza kukatiwa simu. Kompyuta za wahudumu wa BT, kampuni inayopokea simu hizo kabla ya kuzipeleka polisi, zimamoto au kwenye magari ya wagonjwa, zilikuwa zikijizima na kujiwasha upya kila simu ilipoingia. Wahudumu walitupwa nje ya mfumo, simu zikakatika zikiwa zinahamishwa, nyingine zikarudishwa kwenye foleni. Hali hiyo ilidumu saa 10 na nusu. Karibu simu 14,000, kutoka kwa watu 12,392, hazikufika. Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, alichunguza akakuta chanzo ni kosa la mipangilio ndani ya faili moja la seva. Julai 2024 aliitoza BT faini ya pauni milioni 17.5.

Ninaposoma matokeo ya uchunguzi ule, faili hilo silo linalonishtua zaidi. BT ilikuwa na mfumo wa akiba uliowekwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Jaribio la kwanza la kuhamia huko lilishindwa kwa sababu maelekezo yalikuwa yameandikwa vibaya na waliokuwa zamu hawakuizoea kazi hiyo. Mfumo wa akiba ulipowaka hatimaye, ukaelemewa na wingi wa simu.

Mjadala kuhusu usalama wa mifumo ya kujibu simu huishia mara nyingi kwenye neno moja: je, ilijaribiwa? Kujaribu ni lazima, wala sitapoteza nafasi kulitetea hilo. Lakini ukizipanga ajali kubwa za mitandao ya simu tangu mwaka 1990 hadi leo, utaona kwamba ukubwa wa madhara uliamuliwa na mambo mengine: mabadiliko yalisambazwa mahali pangapi kwa mpigo, nani aliyahesabu kuwa madogo, na kurudi kwenye hali ya jana kulichukua muda gani. Hayo ndiyo mambo ambayo taasisi zetu huyapa muda mdogo kuliko yote.

Kwanza tuelewe kwa nini simu haifanani na tovuti. Anayefungua ukurasa wa intaneti huzungumza na seva kwa sehemu ya sekunde kisha wakaachana. Ukurasa ukikwama, anaona umekwama, anaufungua upya. Mpigaji simu hukaa na mashine dakika nzima, pengine kumi. Ameshachagua lugha, ameingiza namba ya mita au ya kadi, amesikiliza menyu mbili, yuko nafasi ya nne kwenye foleni ya mhudumu. Yote hayo yamo katika kumbukumbu ya seva moja iliyopokea simu yake. Ikizimwa, yanapotea pamoja na simu. Wala hana kioo cha kumwambia kilichotokea. Anasikia kimya, kisha mlio wa simu iliyokatwa. Katika laini zisizo za bure amelipia dakika hizo kwa salio lake, na wako wengi ambao salio hilo ndilo lilikuwa la mwisho.

Tena fikiria ni nani anayepiga. Tanzania na Kenya zote zina namba 116 kwa ajili ya watoto walio hatarini. Tanzania ina 199 ya Wizara ya Afya. Mtoto aliyejificha nyuma ya nyumba akanong'ona kwenye simu ya kuazima hana hakika ya nafasi ya pili. Kwa laini za namna hii kila simu inayokatika ni mtu aliyejaribu kuomba msaada akanyimwa.

Sasa tuingie karakana. Mifumo mingi ya kujibu simu duniani, ikiwemo ya ofisi ndogo za kwetu, inaendeshwa na Asterisk, programu huria aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer mwaka 1999. Ina amri tatu za kuiwasha upya, na tofauti yake inafaa kujulikana hata na meneja asiyewahi kugusa seva. Ya kwanza huizima papo hapo, waliomo wakatwe. Ya pili hukataa simu mpya na kusubiri zilizopo ziishe. Ya tatu huendelea kupokea simu na kusubiri dakika ambayo hakuna hata moja iliyo hewani, ndipo ijizime. Kwenye laini yenye shughuli dakika hiyo huenda isifike wiki nzima. Ile ya pili ndiyo ya kistaarabu, ila kama seva ni moja tu, wapigaji wapya watakuta mlango umefungwa mpaka wa zamani wamalize. Hapo ndipo hesabu inapodai seva mbili. Anayesema ana mfumo wa umma wenye seva moja na kwamba anausasisha mchana bila kumsumbua mtu, anajidanganya.

Kwa seva mbili kazi inafanana na ya vivuko vya Kigamboni au Likoni. Kivuko kinachokwenda matengenezo hakiwatupi abiria katikati ya maji. Huacha kupakia, hufikisha waliomo ng'ambo, na foleni ya nchi kavu huelekezwa kwenye kivuko cha pili. Kwenye simu, mtambo wa mbele unaogawa simu huambiwa usipeleke simu mpya kwa seva A. Simu zilizomo zinaendelea, na ishara zake zote, ikiwemo ile ya kukata, lazima ziendelee kufika seva A hiyohiyo, kwa kuwa seva B haizijui. Idadi ya simu kwenye A inashuka hadi sifuri. Inasasishwa, inapigiwa na mtu mwenye simu halisi mkononi, inarudishwa taratibu, kisha B inapewa zamu. Muda wa kusubiri unaamuliwa na simu ndefu kuliko zote, wala si ya wastani, na mafundi wengi hukosea hapo: wanasubiri dakika 5 kwa sababu simu ya kawaida ni dakika 3, halafu wanamkatia mama aliyekuwa ameshikilia kwa dakika 40.

Kuna mabadiliko yasiyohitaji kuzima seva, na hayo ndiyo yanayodharauliwa. Asterisk hufuata orodha ya hatua zenye namba: pokea, cheza sauti, subiri tarakimu, hamisha. Kila inapomaliza hatua moja huitafuta inayofuata kwa namba yake. Ukipakia orodha mpya yenye hatua moja iliyoongezwa juu, simu iliyokuwa hatua ya 5 itaendelea hatua ya 6 ya orodha mpya, ambayo jana ilikuwa ya 5. Atasikia swali alilokwisha kulijibu. Ukiwa umepunguza hatua, ataruka moja, na huenda iliyorukwa ndiyo ya kuhakiki namba ya siri. FreeSWITCH, mshindani wake, hukusanya hatua zote mwanzoni mwa simu kabla ya kuanza kuzitekeleza, hivyo aliyeanza na orodha ya zamani kwa kawaida humaliza nayo. Programu mbili za kazi ileile, tabia mbili tofauti, na fundi aliyehama kutoka moja kwenda nyingine bila kulijua hilo atavuruga simu za watu akiwa na nia njema kabisa. Dawa kwenye Asterisk ni kutoigusa orodha inayotumika: andika mpya kwa jina jingine, kisha badilisha mahali pamoja tu, pale simu mpya zinapoingilia.

Faili za sauti nazo zina mtego wake. Ukinakili rekodi mpya juu ya ya zamani yenye jina lilelile, faili ya zamani hufutwa maudhui papo hapo, na anayeisikiliza wakati huo anakatishwa neno katikati. Ukiiandika pembeni kwa jina jingine kisha ukaibadilisha jina kwenye diski hiyohiyo, mfumo wa Linux humwachia aliyekuwa akisikiliza ile ya zamani aimalize, na mpigaji anayefuata anapata mpya. Ni amri mbili zinazochukua muda sawa. Na ikiwa faili imekosekana au iko katika muundo ambao mtambo hauusomi, Asterisk haisimami. Huandika onyo kwenye kumbukumbu zake na kusonga mbele. Mpigaji anasikia kimya mahali palipopaswa kuwa na menyu. Hakuna taa nyekundu itakayowaka popote.

Kwenye hifadhidata kanuni ni fupi: ongeza kwanza, ondoa mwisho. Kwa kuwa toleo la zamani na jipya yataishi pamoja kwa saa kadhaa, safu mpya iwekwe kabla, na ya zamani iachwe mpaka simu ya mwisho ya toleo la zamani iwe imekatwa na siku kadhaa za kujiridhisha zimepita.

Tukitoka kwenye seva moja kwenda kwenye mtandao mzima, mfano unaopaswa kufundishwa katika kila chuo cha mawasiliano ni wa Marekani, tarehe 15 Januari 1990. Mwezi mmoja kabla, AT&T ilikuwa imeweka programu mpya katika swichi zake zote 114 za simu za masafa marefu. Programu ilikuwa na kosa la amri moja ya lugha ya C iliyokaa pasipo pake. Mchana wa siku hiyo swichi moja ya New York ilipata tatizo dogo, ikajiwasha upya kwa sekunde chache kama ilivyopangwa, ikazitangazia jirani zake kuwa imerudi. Jirani zilipokuwa zikiandika habari hiyo, ujumbe wa pili uliingia katika muda mfupi mno, na lile kosa likaziangusha. Nazo zikajiwasha, zikatangaza kurudi, zikaangusha nyingine. Kwa saa 9 karibu nusu ya simu zilizopita katika mtandao huo hazikuunganishwa. Mafundi waliutuliza kwa kupunguza ujumbe uliokuwa ukipita kati ya swichi.

Programu ile ilikuwa imejaribiwa, tena na kampuni yenye wahandisi hodari. Kosa lilihitaji mazingira ambayo maabara haikuyatoa: swichi nyingi, mzigo halisi, ujumbe unaofuatana kwa nukta. Laiti swichi chache tu zingekuwa na toleo jipya kwa majuma kadhaa, zingeanguka zenyewe na mtandao ungeendelea. Mfumo uliokuwa na mitambo 114 ya kusaidiana uligeuka kuwa na mtambo mmoja ulionakiliwa mara 114, wenye udhaifu mmoja.

Ndiyo maana mabadiliko yanapaswa kwenda kwa kipimo: asilimia ndogo ya simu leo, zaidi kesho, zote baadaye. Hata hivyo kipimo hakina faida kama hakuna anayejua atazame nini. Chukua vitufe vya simu. Kila kitufe hutoa jozi ya milio. Namba 1 ni hezi 697 na 1209 kwa pamoja. Katika simu zinazosafiri kwa intaneti, mara nyingi milio hiyo haipelekwi kama sauti bali kama ujumbe maalumu, na pande mbili lazima zikubaliane namna ya kuupeleka. Sasisho likivuruga makubaliano hayo, simu zinaingia vizuri, sauti ni safi, seva haina joto, na hakuna mpigaji hata mmoja anayevuka menyu ya kwanza. Ukiangalia idadi ya simu pekee utapongezana na wenzako. Vitu vya kuhesabu ni vile vinavyoonyesha kama mtu amehudumiwa: wangapi walikata kabla ya kubonyeza chochote, wangapi waliambiwa chaguo si sahihi, wangapi walimfikia mhudumu, wangapi walipiga tena ndani ya dakika 10. Linganisha toleo jipya na la zamani kwa saa ileile ya siku ileile.

Australia ililipia somo hili kwa uchungu. Tarehe 18 Septemba 2025 kampuni ya Optus ilisasisha kifaa cha ulinzi wa mtandao wake, na kwa saa nyingi simu za dharura za namba 000 kutoka Australia Kusini, Australia Magharibi na Northern Territory zikashindwa kupita. Simu za kawaida ziliendelea kama kawaida, hivyo mitambo ya uangalizi haikupiga kelele. Wateja wenyewe ndio waliopiga kulalamika. Vifo vilihusishwa na hitilafu hiyo, na wakuu wa kampuni waliitwa mbele ya Bunge. Kipimo cha jumla kilificha kundi dogo lililokuwa na uhitaji mkubwa kuliko wote.

Na kuhusu yale yanayoitwa mabadiliko madogo, rekodi ni mbaya. Juni na Julai 1991 wateja wa simu katika miji ikiwemo Washington, Los Angeles, Pittsburgh na San Francisco walipoteza huduma kwa sababu ya vifaa vya kuongoza ishara vya DSC Communications. Kampuni ilikuwa imebadilisha mistari michache ya programu, ikaona haina haja ya kurudia majaribio kamili. Miaka 31 baadaye, tarehe 8 Julai 2022, Rogers ya Kanada ilikuwa hatua ya 6 kati ya 7 za kusasisha kiini cha mtandao wake. Kwa kuwa hatua zilizotangulia zilipita salama, daraja la hatari lilikuwa limeshushwa kutoka juu hadi chini. Fundi akaondoa kichujio kimoja cha njia za mtandao, na zaidi ya wateja milioni 12 wakakosa simu na intaneti, wengi kwa zaidi ya siku nzima. Nadhani hili la Rogers ndilo la kutisha kuliko yote, kwa sababu linafuata mantiki ambayo sote tunaitumia kila siku: mara tano imepita, ya sita itapita. Hatua ya sita haikuwa na uhusiano wowote na usalama wa zile tano.

Kwetu mabadiliko madogo yana sura zake. Saa ya seva nyingi imewekwa kwa majira ya UTC, nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Fundi akiweka ratiba ya ofisi bila kukumbuka hilo, wapigaji wa saa 2 asubuhi wataambiwa ofisi imefungwa hadi saa 5. Sauti ya mashine inayosoma miadi kwa kanuni za Kiingereza itamwambia mgonjwa aje kliniki saa nane wakati daktari anamsubiri saa mbili. Namba, tarehe na fedha zilizounganishwa kutoka vipande vilivyorekodiwa kwa mpangilio wa Kiingereza hutoka zimepinda. Majaribio ya kiufundi hayatayakamata haya, kwani faili ipo na inacheza. Anayeyakamata ni Mswahili anayesikiliza menyu yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwenye simu ya bei nafuu, katika kelele za kituo cha daladala. Kila toleo lisikilizwe hivyo kabla ya kwenda kazini.

Kuhusu saa ya kufanya kazi hii, sikubaliani na desturi iliyozoeleka ya saa 8 usiku. Sababu yake inaeleweka: wapigaji ni wachache. Lakini kwa uchache huohuo kosa halijitokezi mpaka asubuhi, wakati fundi amelala, msimamizi hapokei simu na foleni imeshafika mia. Kwa mfumo wenye seva mbili na mgawanyo wa kipimo, katikati ya asubuhi ya Jumanne au Jumatano ni bora: wapigaji wa kutosha kuonyesha kosa, na watu wote wa kulirekebisha wako kazini. Usiku ubaki kwa wenye seva moja, mpaka watakapopata ya pili. Mwisho wa mwezi, siku za mishahara na mkesha wa sikukuu visiguswe kabisa, kwa kuwa laini zinafurika na kila anayekatiwa hupiga tena mara tatu.

Linabaki suala la kurudi nyuma. Toleo la zamani lisifutwe. Likae kwenye seva, limewashwa, likisubiri. Amri ya kulirudisha iwe moja, iandikwe kwa lugha ambayo mtu wa zamu ataielewa saa 10 alfajiri bila kumwamsha aliyeitengeneza. Kigezo cha kurudi kiamuliwe kabla ya kuanza, kwa namba: wakifika kiasi fulani wanaokata bila kuhudumiwa, tunarudi, hatuketi kujadili. Na njia ya kutoa amri isitegemee mtandao unaorekebishwa. Siku ya ajali ya Rogers, mafundi walishindwa kuifikia mitambo na hata kuwasiliana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu njia zao zote zilipita kwenye mtandao ulioanguka. Laini ya kampuni nyingine mfukoni mwa kila aliye zamu ni gharama ndogo mno.

Mengi ya haya hayahitaji fedha za wafadhili wala mitambo mipya. Yanahitaji yawemo kwenye mkataba. Taasisi zetu za umma hununua mifumo hii kwa zabuni, na hati za zabuni hueleza kwa urefu idadi ya simu, lugha za menyu na dhamana ya vifaa. Mara chache hueleza nani atarudisha toleo la zamani na ndani ya dakika ngapi. Basi kwa mkurugenzi, afisa ugavi au mkuu wa tehama anayesoma hapa: kabla hujatia saini ya kupokea mfumo, mwite mzabuni ofisini siku ya kazi, simu zikiwa zinaingia. Mwambie aweke toleo jipya mbele yako. Kisha mwambie aondoke kwenye kiti, na mtumishi wako wa zamu, kwa karatasi ya maelekezo pekee, alirudishe la zamani huku wewe ukiwa umepiga namba hiyo na simu iko sikioni mwako. Simu yako ikikatika, usitie saini.